Bodi Zilizofika Bila Picha

Kator, Juba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafasi ya kupumua na kwamba Mama bado anakusimamia unywe ile dawa chungu mbele ya macho yake, maana nakujua. Mimi mwili wangu ni mzima. Malaria ilinipitia mara moja, ikanilaza, ikaondoka. Chakula napata, maji nachemsha, na chumba changu kina mlango unaofungika vizuri. Kuhusu moyo sina la kukwambia kwa mstari mmoja, ndiyo sababu ya barua ndefu namna hii.

Naituma kwa mkono wa muuguzi mmoja wa kwetu anayerudi Nairobi kwa ndege. Atampa kaka, na kaka ataileta Voi mwenyewe. Nimeziba bahasha kwa gundi pande zote, kisha nikaandika jina langu juu ya mshono. Ukiona maandishi hayo yamekatika katikati, muulize kaka kabla hujasoma. Usinicheke, Baba. Hapa nimejifunza kutazama mshono wa kila kitu.

Kaka aliniandikia ujumbe kwenye simu kwamba Mwalimu Mwadime amefika nyumbani, kwamba alikaa sebuleni kwako mchana kutwa, na kwamba alikueleza jinsi nilivyoungana na Wasudani kumng'oa kazini, mimi ambaye yeye ndiye aliyenileta huku. Kaka akaongeza, "Baba hajasema neno tangu siku hiyo." Ningependa ungetukana. Ukinyamaza najua unapima, na mpaka sasa umepewa upande mmoja tu wa mzani.

Basi nianze mwanzo.

Unajua kwamba chuo chetu ni kidogo, mabati juu na ukuta wa matofali, ni mali ya kanisa, na Mwalimu Mwadime ndiye aliyekuwa mkuu wake. Nafundisha kompyuta pamoja na kijana anayeitwa Taban. Ni mtu wa hapa hapa Kator kwa asili, lakini vita viliwakimbiza wazazi wake akiwa mchanga, akakulia Nairobi, akasomea huko. Amani ilipotiwa saini akarudi. Kiswahili chake ni cha mitaa ya Nairobi kabisa, na watu wa hapa humcheka kwamba Kiarabu chake kina lafudhi ya Kikenya.

Wanafunzi wetu wengi ni wanawake watu wazima. Wakati wa vita walikuwa wapiga taipu wa maofisini, wakichapa Kiarabu kwa mashini za zamani. Sasa serikali mpya inaandika kwa Kiingereza na kwa kompyuta, na ofisi yao iliwaambia waziwazi kwamba watapimwa, na atakayeshindwa arudi kwake akapike. Kati yao yuko mjane mmoja, Mama Poni, anayelea wanawe na watoto wa marehemu dada yake kwa mshahara huo huo. Anapiga taipu kama mvua ya mawe, lakini kompyuta ilimtia hofu. Siku za mwanzo aliniambia, "Mwalimu, vidole yangu iko, macho iko. Hii mashini tu ndiyo inanikataa." Nilimpenda tangu siku hiyo.

Basi siku moja jenereta yetu ikatoa umeme wa kupita kiasi. Tulisikia mlio kama wa mafuta yakimwagwa kwenye kikaango, kisha harufu unayoijua wewe fundi wa simu za reli, ile harufu inayokwambia kwamba hapana haja ya kufungua kutazama. Kompyuta zote za darasani ziliungua madabodi. Madabodi, Baba, ndio ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao kila kitu kingine huchomekwa juu yake. Vitu vingine vilisalimika, lakini bila bodi hiyo ni vyuma tu.

Kamati ya kanisa ikakubali tununue bodi mpya kutoka Nairobi. Mwalimu Mwadime akatuambia mimi na Taban tuchague. Duka likatuletea majina ya bodi mbili. Zilikuwa za kiwanda kimoja, jina moja, namba moja. Tofauti yake ilikuwa herufi moja tu mwishoni. Mtu asiyejua angedhani ni kosa la chapa. Kumbe herufi hiyo ndiyo yenye maneno. Bodi moja inatengeneza picha yenyewe: nyuma yake ina tundu la bluu, unachomeka skrini pale, basi, kazi imeisha. Nyingine haina. Ukiiwasha peke yake feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi, mpaka uinunulie kadi ya picha na kuichomeka ndani. Ni kama ile tofauti ya redio yenye spika zake ndani na ile inayotaka spika za nje.

Mimi nilitaka yenye picha. Sababu zangu zilikuwa za kawaida: kadi ni kitu kingine cha kuagiza, kitu kingine cha kupotea njiani, kitu kingine cha kuzibwa na vumbi na kupata moto. Na bandia ni nyingi.

Taban alitaka ile isiyo na picha, na kadi zake pembeni.

"Wakesho, si unaona vile stima ya hapa iko? Ikichoma picha, unatoa kadi, unaweka ingine. Hiyo yako ikiungua hapo kwa picha, unaweza kuzika bodi mzima."

"Hata hii yangu ina nafasi ya kadi," nikamjibu. "Picha ikifa na bodi ikapona, tutachomeka kadi siku hiyo."

"Ikipona. Na memori je? Hiyo picha ya ndani inakopa memori ya kompyuta. Zetu ziko na memori kidogo tu. Zitatambaa."

Yalikuwa maneno ya mtu anayejua kazi, lakini sikuyasikia hivyo. Nilijiuliza kwa nini anashikilia kadi kiasi hiki. Nilikuwa nimemwona anaongea na simu uani kwa Kiarabu, na nilipopita akashusha sauti. Siku nyingine aliniambia anamjua mtu sokoni Konyo Konyo anayeweza kutupatia kadi. Nikaunganisha hili na lile. Nikasema moyoni, ana chake kwenye hizo kadi.

Tulipokwenda mbele ya Mwalimu Mwadime nilijiandaa kwa mabishano, kwa kuwa yeye huchukua wiki nzima kuamua rangi ya chaki. Siku hiyo hakuniacha hata nimalize. "Wakesho amesema vizuri. Tuagize zenye picha." Nilitoka nimevimba kichwa. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini amekubali upesi hivyo, mwalimu wa historia ambaye hajui tundu la skrini ni lipi na la kipanya ni lipi.

Mzigo ukaja kwa ndege. Taban akaenda uwanja wa ndege na gari la chuo, kwa sababu pale ukiwa mgeni, tena mwanamke, kila mwenye kofia anataka kuona karatasi yako. Alichelewa sana kurudi. Ilikuwa Ijumaa, mlango wa stoo yetu ulikuwa na kitasa kibovu, kwa hiyo maboksi yakawekwa ofisini kwa Mwalimu Mwadime mpaka Jumatatu.

Jumatatu tukayafungua mbele ya darasa zima. Mama Poni na wenzake walikuwa wamevaa nguo nzuri kana kwamba ni arusi. Nikatoa bodi ya kwanza kwenye mfuko wake, nikaigeuza nyuma. Niliona tundu la kibodi, la mtandao, la sauti. Sikuona la bluu. Nikachukua ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Hakuna hata moja yenye tundu la bluu. Nje ya kila boksi herufi ilikuwa ile niliyoagiza mimi. Juu ya kila bodi ilikuwa ile nyingine.

"Mwalimu, ni nini?" Mama Poni akauliza.

Mwalimu Mwadime alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Taban, akasema kwa sauti ya upole ule wa kanisani, "Ijumaa ulichelewa, Taban. Ulipitia wapi na gari?"

"Bilpam."

"Kufanya nini kambini kwa jeshi?"

"Kumuona mjomba. Ni mgonjwa."

"Na maboksi yalikuwa garini?"

"Yalikuwa garini."

Taban akanigeukia mimi. Nadhani alinitazama kwa sababu tulikuwa tukila pamoja kila mchana, na alijua mimi naijua kazi yake. Baba, hili Mwalimu Mwadime hakukuambia, basi nikuambie mimi. Nilisema, "Yeye ndiye aliyezitaka bodi za namna hii tangu mwanzo."

Taban hakubisha. Alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka juu ya meza karibu na mkono wangu, si karibu na mkono wa Mwalimu. "Sawa. Kama mmeshaamua, sawa." Akatoka. Wale wanawake walibaki wakinitazama, na baadhi yao ni wa ukoo wake.

Jioni hiyo hiyo Mwalimu akamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Siku iliyofuata mjomba wake akaja. Alikuwa na sare ya jeshi iliyomlegea mwilini kwa ugonjwa, na kikohozi kikavu. Alisimama uani, akauliza, "Nani amesema mtoto yangu ni harami?" Harami kwao ni mwizi. Mimi na Mwalimu Mwadime tulikuwa barazani. Mwalimu hakufungua kinywa. Alininyooshea kidevu.

Yule mzee akanigeukia. "Wewe?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Yeye alikuja kuleta dawa," akasema. "Mimi nilikunywa. Kama ile ilikuwa kompyuta, basi kompyuta iko hapa," akajigusa tumbo. "Pasua, uangalie."

Kisha akaondoka polepole akishikilia ukuta. Niliogopa, ndiyo, lakini kilichonikaa rohoni ni kile kidevu. Mkuu wangu, rafiki wa baba yangu, mtu aliyeahidi mbele yako kwamba atanitazama kama binti yake, aliniuza kwa askari bila kutamka neno. Kuanzia siku hiyo nikaanza kumtazama yeye.

Nikarudi kwenye maboksi. Ndani ya kila boksi la bodi huwa kuna kibati chembamba, cha kuziba uwazi wa nyuma ya kompyuta, kilichotobolewa matundu sawasawa na matundu ya bodi yake. Nikakitoa cha kwanza. Kilikuwa na tundu la skrini. Bodi yenyewe haikuwa nalo. Nikakipima juu ya bodi, kikakataa kukaa. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

Hapo nikakaa chini. Kwa hiyo kiwanda hakikukosea, na duka halikukosea. Maboksi yalifika Juba na bodi nilizoziagiza, na mtu akazitoa akatia nyingine, akasahau vibati. Taban asingesahau vibati. Amefunga kompyuta nyingi kuliko mimi. Kibati ndicho kitu cha kwanza anachoshika. Aliyebadilisha ni mtu anayejua kutofautisha herufi kwa sababu ameambiwa, lakini hajui kompyuta inafungwaje.

Nilijua jina lake, Baba. Sikutaka kulijua.

Jumamosi nikaenda saiba ya mjini, duka la intaneti, kumwandikia kaka. Mwenye saiba ni Mganda, baba wa mapacha, ndiyo maana sote tunamwita Salongo, kama desturi ya kwao. Ni mcheshi, mtu wa maneno mengi. Akaniambia, "Mwalimu, wewe fundi, angalia hii mashini yangu, inakula vumbi sana." Nikaizungusha. Nyuma palikuwa wazi kabisa, hakuna kibati, unaona bodi yote uchi. Na waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la bluu la bodi yenyewe. Niliinama kana kwamba natafuta vumbi, nikasoma herufi.

"Salongo, vibati vya nyuma viko wapi?"

"Vile nilikuwa navyo vimekataa kuingia. Tukaacha tu."

"Na bodi ulinunua wapi?"

"Si mkubwa wako!" akasema, tena kwa furaha. "Mimi nilikuwa na zile za bila picha, nilikosea kununua Kampala, na kadi sina. Zimekaa hapa tu. Mkubwa wako akasema nyinyi mko na kadi, zenyu zinakuja, tubadilishe, mimi nimuongezee kitu kidogo. Ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani. Kwani wewe hukujua?"

Nilisema nilijua. Sijui kwa nini. Nilitaka kutoka mle ndani kwanza.

Mchana huo nilirudi pale saiba na kibati kimoja ndani ya gazeti. Salongo alikuwa amekwenda kula, msichana wake wa mezani akaniruhusu. Nikakipachika nyuma ya ile kompyuta. Kikaingia na kulia, tk, kama kimerudi kwao.

Jumatatu nikamfuata Mwalimu Mwadime ofisini, nikafunga mlango. Sikumpigia kelele. Nilimwekea kibati mezani, nikamwambia nilipokipachika kikakaa. Alikitazama bila kuelewa, mpaka nilipotaja jina la Salongo. Hakushtuka kama nilivyodhani. Alivua miwani akaifuta.

"Wakesho, wewe ni mtoto wangu. Nimekula kwa baba yako miaka mingapi? Mimi ndiye ninayeshughulikia karatasi zako za kukaa hapa."

"Mwalimu, Taban amefukuzwa."

"Taban yuko kwao. Ana mjomba, ana ukoo, ana shamba. Kesho atapata kazi nyingine, hawa ndio wenye nchi. Mimi na wewe tukianguka hapa, nani atatuokota? Nyamaza kidogo. Nitatafuta kadi, bodi zitawaka, mambo yatakwisha."

"Na wale kina mama? Wanapimwa karibuni."

"Watapimwa tena." Kisha akaongeza, taratibu kabisa, "Na kumbuka ni nani aliyesema mbele ya watu wote kwamba Taban ndiye aliyezitaka. Si mimi."

Baba, hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amenitumia, na alikuwa anasema kweli. Nimejiuliza mara nyingi kama hata kidevu kile alikuwa amekipanga.

Nililala nikiliwaza jambo hilo, asubuhi nikapanda pikipiki mpaka makazi ya karibu na Bilpam, kwa mjomba. Kila mtu aliniambia nisiende, mgeni hana shughuli kule. Askari wa njiani wakaniuliza ninamtafuta nani. Nilipotaja jina la yule mzee wakacheka, wakanionyesha nyumba. Taban alikuwa uani anapiga misumari kwenye mlango. Aliniona, akaendelea kupiga.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kibati, Salongo, Jumapili, maneno ya Mwalimu. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, akisikiliza. Nilipomaliza, Taban aliuliza jambo moja tu.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani. Nimekuuliza kwa nini hukuuliza. Tulikuwa tunakula sahani moja, Wakesho. Si ungesema tu, Taban, simu ulikuwa unaongea na nani? Ningekuambia. Nilikuwa naulizia mjomba dawa. Sikutaka hao wanafunzi wasikie ati anatapika damu."

Mjomba akasimama, akaita kijeshi, wanaume wawili wakatokea kwa jirani. Alitaka twende tumchukue Mwalimu Mwadime saa hiyo hiyo. Nilimwambia, "Mzee, tafadhali, ni mtu wa kwetu." Akanijibu, "Na huyu ni mtu wa wapi?" Taban ndiye aliyemzuia. Alimsihi kwa Kiarabu kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Twende kwa kasisi, mwenyekiti wa kamati. Utasema wewe, si mimi. Mimi nikisema, watasema nimetumia jeshi."

Tukaenda. Nikasema mimi.

Kamati ikakaa. Mwalimu Mwadime alikana, akasema Taban amenitisha, akasema nina uhusiano na Taban. Ndiyo, alilisema hilo mbele ya kasisi na wanawake watatu wa kamati, na nadhani ndilo alilokuja kukuambia wewe pia. Sina uhusiano na Taban. Taban haongei nami ila la lazima. Kisha wakamwita Salongo, na Salongo, ambaye hakuona ubaya wowote katika biashara yake, akasimulia vilevile alivyonisimulia mimi, na kuuliza kama tunataka chai. Mwalimu aliomba ruhusa, eti akatazame mgonjwa. Siku hiyo hiyo nikasikia ameonekana uwanja wa ndege na sanduku lake. Karatasi zangu za kukaa nilizikuta kwenye droo yake, hazijapelekwa popote tangu nilipofika.

Salongo alikataa kufumua saiba yake, lakini kamati ilimwelemea mpaka akaagiza kadi za picha kutoka Kampala kwa gharama yake, zikaja na basi la Nimule. Taban alirudishwa, akapewa na usimamizi wa vifaa vyote. Tulizifunga zile kompyuta mimi na yeye, hatusemezani, yeye akishika bisibisi mimi nikishika waya. Skrini zilipowaka wale kina mama walipiga vigelegele, na Mama Poni akaanza kuchapa hata kabla sijamwambia achape nini.

Siku ya kupimwa haikuwa nzuri kwa wote. Tulikuwa tumepoteza muda mwingi. Mama Poni amepita, amebaki kazini, aliniletea samaki mkubwa wa mtoni amefungwa kwa majani, nikamla kwa siku mbili. Lakini wenzake wanne wameachishwa. Mmoja wao nakutana naye njiani akiuza chai. Ananiamkia vizuri. Namnunulia, nakunywa nikiwa nimesimama, naondoka.

Sasa, Baba. Mwalimu Mwadime ni rafiki yako na mimi sitakufundisha namna ya kumpokea rafiki yako. Sikuombi umfukuze sebuleni. Naomba umuulize swali moja tu, ukiwa umemtazama machoni: Jumapili ile, watu walipokuwa kanisani, alikuwa wapi? Halafu unyamaze kama unavyonyamaza, usikilize. Wewe umesikiliza waya mbovu maisha yako yote, utajua.

Na ukiona yeye ndiye msema kweli, niambie. Afadhali uniambie kuliko unishuku kimoyomoyo. Mimi nimeshaona kushuku kimoyomoyo kunafanya nini.

Kaka ameniuliza kama narudi. Sirudi sasa. Kamati imeniomba nibaki, na kuna kundi jingine la kina mama linaanza. Lakini nisikudanganye kwamba mambo yamekuwa kama zamani. Kila jioni tunapofunga, Taban anasimama mlangoni na ufunguo. Walimu wengine wanapita, anawaaga. Mimi nikifika ananyoosha mkono kidogo na kusema, "Mkoba, tafadhali." Naufungua. Anatazama ndani, daftari, chanuo, kitambaa, kisha anasema, "Asante, Mwalimu." Zamani aliniita Wakesho. Kasisi ameniambia nikitaka atamkataza. Nimemwambia amwache.

Nisalimie Mama, umwambie nasali na nakula. Nisalimie kaka na mkewe, na yule mdogo wetu wa mwisho aache kuchokoa redio yako. Shangazi wa Wundanyi umwambie kitenge chake nimeshakipata, cha rangi aliyotaka. Nisalimie mke wa Mwalimu Mwadime, umsalimie kama siku zote, umuulize kuku wake, wala usimwambie lolote. Yeye hajabadilisha bodi ya mtu.

Mwalimu mwenyewe, usimpe salamu zangu.

Ni mimi binti yako, ninayengoja neno lako, lolote litakalokuwa,

Wakesho